Nyuklia si bomu, ila makaa yake hayazimiki upesi: tuifungue hii stori polepole

Kwetu huku Pwani baraza la jioni halijapoa tangu Uyombo itajwe. Kwa asojua, Uyombo ni kijiji cha wavuvi huko Kilifi, karibu na Watamu, ubavuni mwa mkono wa bahari wa Mida, na msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali. Serikali ya Kenya ilipanga kinu cha kwanza cha nyuklia kijengwe hapo, megawati 1000, ujenzi uanze 2027 na stima ianze kutoka 2034. Wenyeji wakakataa, Mei 2024 wakaandamana hadi wakakabiliana na polisi, na baadaye mjadala ukahamia Siaya kule Ziwa Victoria. Barazani kwetu lakini haujahama popote. Juzi tu ami yangu mmoja, mvuvi wa miaka nenda miaka rudi, ameshika kikombe chake cha kahawa tungu, akatangaza kwamba hio kitu ikilipuka watu wa hapa hadi Malindi ni vumbi, kama Hiroshima. Kijana wa bodaboda akamjibu, ami hizo ni stori za zamani, nyuklia sai ni safi kuliko sola, mimi nimeona TikTok. Basi ikawa kelele mpaka adhana ya Isha.

Mimi nilinyamaza, manake kila mmoja alishika kipande cha ukweli alafu akakipeleka siko. Hii ndio ningesema kama ningepewa nafasi.

Tuanze chini kabisa. Kinu cha nyuklia, ukiondoa vitisho vyote, ni birika. Kuna kitu kinachemsha maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha mapangaboi makubwa ya chuma, nayo yanazungusha jenereta, stima hio. Olkaria kule Naivasha ni hivo hivo, tofauti ni kwamba Olkaria mvuke unatoka ardhini wenyewe na hapa inabidi uuchemshe. Kuni za hili birika ni urani, madini mazito yanayochimbwa kama madini mengine. Watanzania wanayo Namtumbo kule Ruvuma, na Wakongo wa Katanga wanaijua Shinkolobwe, mgodi ambao urani yake ilitumika kutengeneza bomu la Hiroshima, kwa hivo ami hakuota, uhusiano upo, ila sio ule anaoudhani.

Urani inatoaje moto? Chembe yake moja, yaani atomu, ikigongwa na kichembe kidogo kiitwacho nyutroni inapasuka vipande viwili, inatoa joto, alafu inarusha nyutroni nyingine mbili tatu zinazokwenda kupasua wenzake. Ni umbea huo. Mmoja anawaambia wawili, wawili wanawaambia wanne, kabla ya Isha mtaa mzima unajua. Ndani ya kinu kuna fimbo za kuzuia, na hizo ni kama wale wazee wanaosikia umbea wakakaa nao kimya. Ukiwachomeka wa kutosha katikati ya watu, umbea unafia hapohapo. Kuzima kinu ni kuzishusha hizo fimbo zote kwa mpigo, na ni jambo la sekunde chache.

Na mionzi? Hio ni nguvu inayorushwa na atomu ambayo haijatulia. Huioni, huinusi, na hicho ndicho kinachotisha watu, lakini sio kitu kigeni kilicholetwa na mzungu kwenye sanduku. Iko kwenye mawe, iko kwenye ndizi kidogo sana, X-ray nayo ni mionzi ingawa hio inatoka kwenye mashine, na pale kilima cha Mrima huko Kwale ardhi yenyewe ina mionzi mingi kuliko kawaida kwa sababu ya madini yaliyomo. Kwa hivo ukiambiwa "kuna mionzi" bado hujaambiwa kitu. Uliza ni kiasi gani, na je iko nje ya mwili wako au umeila, umeinywa, umeivuta na pumzi. Hio ya pili ni mbaya zaidi, nitairudia nikifika habari ya maziwa ya ng'ombe.

Sasa bomu. Urani inavyotoka ardhini, ile aina inayopasuka vizuri ni chini ya asilimia moja. Ya kinu cha stima kwa kawaida inasafishwa hadi asilimia 3 mpaka 5. Ya bomu ni kama asilimia 90. Watu wa Kilifi hii mtaielewa haraka kuliko maprofesa: mnazi una kilevi na spiriti ya hospitali ina kilevi, lakini mwagia mnazi kwenye moto uone kama utawaka. Utazima moto tu. (Msiniulize nimejuaje.) Kinu cha stima hakiwezi kulipuka kama bomu la atomu hata mtu akitaka, kuni zenyewe haziruhusu.

"Kwani Chernobyl, kile kinu cha Ukraine, ililipuka nini?" Ililipuka mvuke, kama sufuria ya presha iliyozibwa tundu, ila ni sufuria ya ukubwa wa jengo na ndani yake mna urani. Tofauti ya huo mlipuko na bomu ni kubwa, bomu linafuta mji, huu ulirarua jengo moja. Lakini ukafungua mlango na yaliyokuwa ndani yakatoka, na hayo yaliyokuwa ndani ndio mada yenyewe.

Hapa sasa nisikilizeni, manake TikTok haifiki hapa.

Ukipikia kuni ukazitoa jikoni, moto umezimwa, sivyo? Lakini makaa bado. Mtu wa Pwani anajua zaidi, anajua moto wa makumbi ya nazi, unaumwagia jivu usiku unadhani umekufa, asubuhi ukipekua mna jekundu ndani. Kinu cha nyuklia kikizimwa, kule kupasuka kwa urani kunakoma kweli, ila vile vipande vilivyokwisha kupasuka havijatulia, vinaendelea kutoa mionzi na joto venyewe, na hakuna fimbo wala swichi ya kuvizima. Kinu cha megawati 1000 za stima kinatoa joto la kama megawati 3000. Dakika ile ile kinapozimwa bado kuna asilimia 6 au 7 ya hilo joto. Baada ya siku nzima imebaki kama nusu asilimia, unasema aa kidogo, lakini hio nusu asilimia ni megawati 15, sawa na birika za umeme za nyumbani kama 7,000 zinachemka kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, usiku na mchana. Usipopeleka maji, yale makaa yanajiyeyusha yenyewe.

Mkishika hilo mmeshika karibu mjadala wote, manake ajali kubwa na taka za nyuklia ni mambo ya makaa yale yale. Ajali ni makaa yakiwa ya leo, taka ni makaa yakiwa ya juzi.

Tazama Fukushima. 11 Machi 2011 Japani ilipigwa na tetemeko la 9.0. Vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi pale vikajizima vyenyewe kama vilivyoundwa, hapo hamna kosa. Tetemeko likakata stima ya gridi, jenereta za dizeli zikawaka kusukuma maji, hapo pia sawa. Kama dakika 50 baadaye likaja tsunami, wimbi la mita 14 hivi, na mtambo ulikuwa umejiandaa kwa wimbi lisilofika mita 6. Na jenereta nyingi zilikuwa wapi? Chini, kwenye vyumba vya ardhini. Zikanywa maji ya chumvi zikafa. Kuanzia hapo ni makaa bila maji, vinu vitatu vikayeyuka ndani, vikatoa gesi ya hidrojeni, na zile video za majengo kupasuka mlizoziona ni hio gesi.

Wakati huo huo mtambo mwingine, Onagawa, ulikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko na ukapigwa na wimbi la aina hio hio, lakini waliujenga juu zaidi ya bahari. Ukazimika salama, na wanavijiji kwa mamia waliopoteza nyumba wakakimbilia kulala mle mle ndani ya eneo la mtambo. Yaani nchi moja, bahari moja, siku moja. Sayansi ilikuwa ile ile, ila Fukushima walipunguza kimo cha mtambo juu ya bahari na Onagawa hawakupunguza. Kwa hivo mtu akiniuliza nyuklia ni salama, mimi namuuliza, jenereta mmeziweka wapi?

Vifo je? Hapa ndipo watu hukasirika nikisema. Kwa mionzi ya Fukushima, serikali ya Japani imekubali kifo cha mfanyakazi mmoja, saratani ya mapafu. Lakini watu zaidi ya 150,000 walihamishwa, na kule kuhamishwa, wagonjwa kutolewa mahospitalini kwa mabasi, wazee kukosa dawa, watu kuishi miaka kwenye vibanda, kumehesabiwa kuwa kumeua zaidi ya 2,000 katika mkoa ule. Hofu na upangaji mbovu viliua kuliko mionzi. Hilo halimsafishi mwenye mtambo hata kidogo, manake bila ajali yake wasingehamishwa.

Chernobyl ni mbaya kwa namna nyengine. Usiku wa 26 Aprili 1986, huko Ukraine iliyokuwa chini ya Sovieti, mafundi walikuwa wanafanya jaribio kwenye kinu chenye kasoro walizofichwa wao wenyewe, kisichokuwa na lile ganda zito la zege la kukifunika ambalo vinu vya nchi nyingi vinalo. Mji wa Pripyat, watu karibu 49,000, uko pale mlangoni, wakaachwa na shughuli zao hadi mchana wa siku ya pili yake ndio wakatolewa. Na maziwa. Iodini yenye mionzi, moja ya vile vipande vya urani iliyopasuka, ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto vijijini wakanywa maziwa yale kwa sababu hakuna aliyewaambia wasinywe, iodini ikaenda kukaa kwenye tezi ya shingo. Maelfu ya watoto walikuja kupata saratani ya tezi, wengi wakatibiwa wakapona, lakini hilo lilikuwa la kuzuilika kwa tangazo la redio tu. Wafanyakazi na wazimamoto waliokufa katika miezi ya mwanzo ni karibu 30. Jumla ya vifo hadi leo inabishaniwa, makadirio ya Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2005 yalikuwa hadi 4,000 kwa wale walioguswa zaidi, wengine wanasema ni wengi zaidi ya hao.

Haya, tuje kwenye makaa ya juzi.

Watu wakisikia taka za nyuklia wanaona mapipa yenye uji wa kijani unachuruzika. Ukweli ni kwamba zipo za aina tofauti. Nyingi kwa wingi ni glavu, ovaroli, vichujio, vitambaa, vitu vilivyoguswa na mionzi kidogo. Afrika Kusini, ambayo ndio pekee barani yenye mtambo unaofanya kazi, Koeberg karibu na Cape Town tangu 1984, taka hizi inazizika Vaalputs, nyika kavu huko Rasi ya Kaskazini. Zile za kutisha kweli ni urani yenyewe iliyokwisha kutumika. Na hii sio uji. Ni vidonge vigumu kama kauri, kimoja kama ncha ya kidole, vimepangwa ndani ya mabomba membamba ya chuma ya urefu wa mita 4, mabomba yamefungwa pamoja kama tita la kuni. Zinatoka kwenye kinu zinaingizwa kwenye bwawa la maji, kina cha mita kumi na kitu, na maji yenyewe yanakinga mionzi vizuri hadi mfanyakazi anasimama ukingoni anayatazama chini yakitoa mwanga wa buluu. Zinakaa mle miaka mitano au zaidi mpaka joto lishuke, alafu zinaweza kuhamishiwa kwenye makasha ya chuma na zege, makubwa kupita mtu mara mbili tatu, yanasimamishwa uwanjani na upepo tu ndio unayapoza. Marekani imeyatumia tangu 1986.

Ni nyingi kiasi gani? Kinu cha megawati 1000 kinatoa kama tani 25 kwa mwaka. Urani ni nzito ajabu, kwa hivo vile vidonge vya mwaka mzima ukivishindilia pamoja vinaingia kwenye tangi la maji la lita 3000, lile jeusi la juu ya nyumba. (Kwa vitendo vinachukua nafasi kubwa zaidi, hushindilii makaa ya namna hii.) Linganisha na ule mtambo wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Lamu, wa ukubwa karibu huo huo, ambao mahakama ya mazingira iliufutia leseni 2019. Mtambo wa namna hio hutoa jivu la malaki ya tani kwa mwaka, alafu moshi ndio huo tunauvuta. Kwa hapo kijana wa bodaboda ana haki yake, taka za nyuklia ni chache na zote unajua ziko wapi.

Tatizo ni muda, na hapa pia kuna kosa linalorudiwa kila siku, kwamba kitu chenye kutoa mionzi miaka maelfu ndicho hatari kuliko vyote. Rudi jikoni. Makuti makavu yanawaka puu, yanakuunguza uso, dakika mbili yameisha. Makumbi yanafuka hadi kesho lakini unaweza kukaa karibu nayo. Iodini ile ya kwenye maziwa inapungua nusu kila siku 8, ni makuti. Siziamu, kipande kingine cha urani iliyopasuka, nusu yake inaondoka kwa miaka 30, na hio ndio imefanya mashamba ya Chernobyl yaachwe. Plutoniamu, ile nzito inayozaliwa kutokana na urani ndani ya kinu, inachukua miaka 24,000 kupungua nusu, inafuka polepole, ngozi yako inaizuia, lakini vumbi lake likiingia mapafuni ni balaa. Kwa hivo miaka mia chache ya mwanzo ndio mikali, baada ya hapo kazi inakuwa kuhakikisha hakuna atakayeichimba, kuila au kuinywa kwa miaka ambayo haina hesabu kwa binadamu. Uislamu haujafikisha miaka 1,500. Tunaongea mara kumi ya hapo na zaidi.

Wafini ndio wamefika mbali. Kisiwa cha Olkiluoto wamechimba mahali panaitwa Onkalo, kama mita 430 kwenda chini, ndani ya mwamba wa miaka bilioni 1.9. Tita la urani linaingia kwenye mtungi wa shaba, mtungi unazungushiwa udongo maalum unaovimba ukipata maji, alafu shimo linazibwa. 2024 walianza majaribio ya kufukia. Na asili yenyewe ilishawatangulia, hapa hapa Afrika: huko Oklo, Gabon, mwaka 1972 iligundulika kwamba urani iliyokuwa ardhini ilijiwasha yenyewe karibu miaka bilioni 2 iliyopita, kinu bila mhandisi, na mabaki yake mazito kama plutoniamu hayakwenda mbali na pale yalipozaliwa. Kila nikiisoma hii nashangaa upya.

Lakini msishangilie bado. Wajerumani walijaza mapipa kama 126,000 kwenye mgodi wa chumvi wa zamani, Asse, wakasema chumvi ni kavu, na sasa maji yanaingia na wanatafuta namna ya kuyatoa yote. Marekani iliuchagua mlima wa Yucca, Nevada, tangu 1987 na hadi leo hakijazikwa kitu, Nevada imekataa. Na kule New Mexico, kwenye ghala la chini ya ardhi la taka za kutengeneza silaha, Februari 2014 pipa moja lilipasuka kwa sababu waliopakia walitumia zile punje za choo cha paka kunyonya majimaji, ila badala ya zile za udongo wakatumia za ngano, ngano ikakutana na kemikali ikawaka. Karibu miaka mitatu ghala limefungwa. Punje za paka!

Alafu kuna taka ambazo tunazo tayari na hakuna anayeziandamania. Mashine za tiba ya saratani, vipimo vya viwandani, vyote vina vitu vya mionzi vinavyochakaa. Brazili, mji wa Goiânia, 1987, waokota vyuma chakavu waliingia kwenye kliniki iliyohamwa wakabeba kichwa cha mashine ya tiba, wakakivunja, ndani mna unga wa siziamu unaong'aa buluu gizani. Watu wakaugawana, wakajipaka. Wanne wakafa, mmoja ni mtoto wa miaka sita aliyekula na mikono yenye ule unga. Sasa fikiria watu wa vyuma chakavu wa mitaa yetu, mkokoteni na mizani, anajuaje?

Turudi Uyombo. Ami akilia na bomu hana hoja, na ndio maana wakubwa wanamcheka mikutanoni wanaondoka. Lakini anazo hoja ambazo hazichekeki. Birika lile linatupa nje theluthi mbili ya joto lake, na kwa mtambo wa pwani joto hilo kwa kawaida linaingia baharini, maji ya uvuguvugu siku zote, na Mida ni mazalio ya samaki. Hio si mionzi lakini ni samaki. Eneo la usalama litafungwa kwa ngalawa. Na soko: Japani ilipoanza kumwaga maji yaliyosafishwa ya Fukushima Agosti 2023, mionzi iliyobaki ndani yake ilikuwa chini ya viwango vya kimataifa, na bado China ikapiga marufuku samaki wao. Samaki akiwa mzima na mnunuzi hamtaki, umelala njaa vile vile.

Jana nikamwambia ami hayo, na habari ya Onkalo, mwamba, mita 430. Akaweka kikombe chini. Huyu mzee kabla ya bahari alikuwa mchimba visima. Akaniambia, mwanangu, hapa petu ni jiwe la matumbawe, mimi nikichimba kwa mtaimbo siku nne nishatoboa, na maji ya chumvi yanapenya kutoka pembeni kama kwenye sifongo, utafukia nini hapa miaka elfu?

Nikamwambia sio hapa, ami, hapa yatakaa bwawani alafu kwenye makasha, yakingoja kupelekwa kwingine. Bangladeshi wamekubaliana na Warusi wayachukue ya kwao.

"Na yetu tumekubaliana na nani?"

Kijana wa bodaboda akatoa simu akaanza kutafuta. Alikuwa bado anatafuta nilipoondoka.